Kwa Nini Spika Hutoa Kishindo Vyombo vya Sauti Vinapowashwa au Kuzimwa

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Kishindo kinachosikika kwenye spika pale redio, sabufa au amplifaya inapowashwa au kuzimwa kimezoeleka miongoni mwa wananchi kiasi cha kuonekana kuwa tabia ya kawaida ya vyombo hivyo. Kishindo hicho huwa ni cha muda mfupi mno, na katika vyombo vidogo vya nyumbani kwa kawaida hakina madhara. Hata hivyo, katika vyombo vikubwa vya kuhutubia mikutano, kishindo kikali au kinachorudiwa kila siku kinaweza kuharibu spika, kuumiza masikio ya waliokaa karibu nazo na kuisababishia jamii gharama ambayo ingeweza kuepukwa.

Jambo hili linazihusu familia nyingi na taasisi nyingi. Shule, misikiti, makanisa, kumbi za mikutano na vikundi vya kijamii hutumia vyombo vya sauti ambavyo mara nyingi vimenunuliwa kwa michango ya wanachama au waumini. Spika moja ikiungua, michango huitishwa upya. Kwa sababu hiyo, makala hii inaeleza asili ya kishindo hicho, namna ya kukitofautisha na kelele nyingine zinazosikika redioni, na utaratibu sahihi wa kuwasha na kuzima vyombo ili vidumu.

Spika inavyotoa sauti

Spika nyingi zinazotumika leo zinafuata kanuni iliyowekwa wazi mwaka 1925 na wahandisi wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya General Electric. Ndani ya spika kuna waya mwembamba uliozungushwa kwenye kibomba, ambao mafundi huuita koili. Koili hiyo imening'inizwa ndani ya uwazi wa sumaku na kuunganishwa na koni, yaani ile karatasi pana tunayoiona kwa mbele. Umeme ukipita katika koili, sumaku huisukuma mbele au kuivuta nyuma kulingana na mwelekeo wa umeme huo. Koni ikienda mbele na nyuma mara nyingi kwa sekunde, hewa hutikisika na sauti husikika.

Kwa hiyo, spika imeundwa kwa ajili ya umeme unaobadili mwelekeo wakati wote. Ikipelekewa umeme wa mwelekeo mmoja, kama ule wa betri, haiwezi kutoa muziki wala maneno. Koni huruka mara moja upande mmoja na kubaki hapo mpaka umeme utakapoondolewa, kisha hurudi mahali pake.

Mafundi redio hutumia kanuni hiyo kupima spika za besi ambazo hazijaunganishwa na chombo chochote. Hugusisha waya zake kwenye betri ndogo ya volti 1.5. Spika nzima hutoa mlio mfupi wa "tak" waya unapogusa, na mwingine waya unapoachia. Mlio huo ndio kishindo chenyewe katika umbo lake dogo kabisa. Tofauti ni kwamba ndani ya amplifaya volti zinazohusika zinaweza kuwa 20, 35 au zaidi.

Kishindo kinakotoka

Sababu ya kwanza inahusu amplifaya ndogo na redio nyingi zinazotumia chanzo kimoja cha umeme, tuseme volti 12. Ili mawimbi ya sauti yapate nafasi ya kupanda na kushuka, sehemu ya kutolea sauti hukaa katikati, yaani kwenye volti 6. Volti hizo 6 hazitakiwi kufika kwenye spika, na kwa ajili hiyo mtengenezaji huweka kapasita kati ya amplifaya na spika. Kapasita hupitisha umeme unaobadilika na kuzuia ule wa mwelekeo mmoja.

Lakini kapasita ni kama pipa linalopaswa kujazwa kwanza. Chombo kinapowashwa huwa tupu, na umeme wa kuijaza hauna njia nyingine isipokuwa kupitia kwenye koili ya spika. Kapasita ya maikrofaradi 1,000 iliyounganishwa na spika ya omu 8 huhitaji takriban milisekunde 40 ili ikaribie kujaa. Muda huo ni mfupi kuliko kupepesa jicho, lakini unatosha kuirusha koni na kutoa kishindo. Kapasita hiyo haiwezi kufanywa ndogo ili kuondoa tatizo, kwa kuwa kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo sauti nzito za besi zinavyopotea.

Sababu ya pili inahusu amplifaya kubwa za kumbi na mikutano. Nyingi kati ya hizo hutumia vyanzo viwili vya umeme, kimoja cha volti chanya na kingine cha volti hasi, hivyo sehemu ya kutolea sauti hukaa kwenye sifuri na kapasita haihitajiki. Ubora wa sauti huongezeka, lakini uwiano kati ya pande mbili huchukua muda kutulia. Katika sehemu ya kwanza ya sekunde baada ya kuwashwa, upande mmoja unaweza kupanda haraka kuliko mwingine, na tofauti hiyo hupelekwa moja kwa moja kwenye spika. Wakati wa kuzima hutokea kinyume chake, kwani umeme uliohifadhiwa ndani ya chombo huisha upande mmoja kabla ya mwingine. Ndiyo maana zipo amplifaya zinazowaka kwa utulivu lakini huzimika kwa kishindo.

Sababu ya tatu ni mnyororo wa vyombo. Mikisa, kicheza muziki, kompyuta na kipokezi cha maikrofoni zisizo na waya vyote hutoa mshtuko wake mdogo vinapowashwa au kuzimwa. Mshtuko huo peke yake ni hafifu. Iwapo amplifaya tayari imewashwa na sauti imefunguliwa, kazi yake ni kukuza kila kinachoingia, nayo itaukuza mshtuko huo mara nyingi na kuufikisha kwenye spika kwa nguvu zake zote. Hiki ndicho chanzo cha vishindo vikali vinavyosikika mikutanoni, na ndicho kilicho rahisi kuepukwa.

Ndivyo ilivyo pia kwa maikrofoni. Maikrofoni za aina ya kondensa hupewa umeme wa volti 48 na mikisa kupitia waya uleule unaobeba sauti. Mtu akichomoa au kuchomeka waya huo huku sauti ikiwa wazi, spika hupokea mshindo mkubwa.

Wazee waliosikiliza matangazo ya Sauti ya Dar es Salaam, yaliyoanza mwaka 1951, kwenye redio za vali watakumbuka kwamba redio hizo hazikuwa na tabia hii. Vali zilihitaji muda kupata moto, hivyo sauti ilipanda polepole. Aidha, transfoma iliyowekwa kati ya vali na spika haikupitisha umeme wa mwelekeo mmoja. Transista zilipochukua nafasi ya vali, redio zilianza kuwaka papo hapo, na wahandisi wakalazimika kutafuta njia nyingine ya kuilinda spika.

"Tik" inayolinda spika

Njia inayotumika zaidi katika amplifaya kubwa ni rilei, yaani swichi inayoendeshwa na sumaku. Chombo kinapowashwa, rilei huiacha spika ikiwa imetengwa kwa sekunde chache hadi volti zitulie. Ndipo husikika mlio mdogo wa "tik" kutoka ndani ya chombo chenyewe, wala si kwenye spika, na sauti huanza kutoka. Chombo kinapozimwa, rilei huachia mara moja kabla ya uwiano wa ndani kuvurugika. Redio za magari na sabufa nyingi za kisasa hufanya kazi hiyohiyo kwa kunyamazisha sauti kielektroniki badala ya kutumia rilei.

Mwananchi anayemiliki chombo cha aina hii anapaswa kufahamu kwamba ukimya wa sekunde hizo chache si ubovu. Vilevile, iwapo rilei haifungi kabisa na spika inabaki kimya, mara nyingi maana yake ni kwamba mfumo wa ulinzi umegundua umeme wa mwelekeo mmoja kwenye sehemu ya kutolea sauti. Fundi anayeunganisha waya moja kwa moja ili kuipita rilei hajatengeneza chombo. Ameondoa kinga, na ubovu uliokuwa umezuiliwa sasa utafika kwenye spika.

Hesabu rahisi inaonesha ukubwa wa hatari hiyo. Koili ya spika inayoitwa ya omu 8 kwa kawaida huwa na ukinzani wa takriban omu 6 kwa umeme wa mwelekeo mmoja. Transista ikiungua na kupeleka volti 35 kwenye spika hiyo, mkondo utakuwa karibu ampea 6 na nguvu itazidi wati 200, ambazo zote zitageuka kuwa joto ndani ya koili. Koni nayo haitatembea na kusukuma hewa ya kuipoza. Koili inaweza kuungua katika muda mfupi sana, na zipo spika zilizoshika moto kwa sababu hiyo.

Kelele zinazotoka nje ya chombo

Si kila mlio unaosikika redioni unatokana na redio yenyewe. Mtu anapowasha taa, friji inapojizima yenyewe, au pampu ya maji inapoanza kufanya kazi, cheche ndogo huruka katikati ya vyuma vya swichi. Cheche hiyo ni mtambo mdogo wa kurusha mawimbi. Mwaka 1887 mwanasayansi wa Ujerumani, Heinrich Hertz, alithibitisha kuwapo kwa mawimbi ya redio kwa kutumia cheche za aina hiyo, na mitambo ya kwanza ya kupeleka taarifa bila waya ilitumia cheche pia. Redio iliyo jirani hupokea mawimbi hayo na kutoa mlio wa "tak".

Wanaosikiliza masafa ya kati na masafa mafupi husumbuliwa zaidi, kwa sababu katika masafa hayo sauti hubebwa na kupanda na kushuka kwa nguvu ya wimbi, na cheche nayo huongeza nguvu hiyo ghafla. Katika FM sauti hubebwa na mabadiliko ya kasi ya mtikisiko wa wimbi, na kipokezi hukata mapandio ya nguvu kabla ya kutoa sauti. Hiyo ndiyo faida iliyomfanya mhandisi wa Marekani, Edwin Armstrong, kuendeleza teknolojia ya FM katika miaka ya 1930.

Mlio mwingine unaofahamika ni ule wa "trrr, trrr" unaosikika kwenye spika sekunde chache kabla ya simu kuita. Simu inayotumia mtandao wa kizazi cha pili hurusha mawimbi kwa vipande, takriban mara 217 kwa sekunde, na nyaya za amplifaya huyanasa na kuyageuza kuwa sauti. Tiba yake ni kuiweka simu mbali na mikisa, maikrofoni na nyaya zake.

Kwa watumiaji wa redio za mawasiliano, wakiwamo walinzi, wahudumu wa dharura na waongoza watalii, kelele ya "shaa" inayosikika mara msemaji anapoachia kitufe ina sababu ya pekee. Kipokezi huhitaji sehemu ndogo ya sekunde kutambua kwamba wimbi limekatika na kunyamazisha spika. Katika mwanya huo mvumo wa anga hupenya. Redio nyingi hupunguza kelele hiyo kwa kutumia toni ya sauti nzito, iliyo kati ya takriban hezi 67 na 254, ambayo hurushwa pamoja na maneno bila msikilizaji kuisikia na kukiarifu kipokezi wakati wa kunyamaza.

Athari kwa masikio

Sikio lina misuli midogo inayokaza ili kupunguza makali ya sauti kubwa. Misuli hiyo hukabiliana vema na sauti inayoongezeka taratibu, lakini kishindo cha ghafla huwa kimekwishapita kabla haijakaza. Kwa sababu hiyo, mtu aliyesimama mbele ya spika kubwa wakati inapowashwa huumia zaidi kuliko anayesikiliza muziki wa kiwango hichohicho. Mlio wa kudumu masikioni baada ya tukio kama hilo ni dalili ya kumwona mtaalamu wa afya.

Watoto wasiruhusiwe kucheza karibu na spika wakati vyombo vinaandaliwa. Wanaotumia visikilizi vya masikioni wanashauriwa kuviunganisha na kuwasha chombo kwanza, kisha kuvivaa, na kuvivua kabla ya kukizima.

Utaratibu sahihi wa kuwasha na kuzima

Kanuni ya msingi ni moja: amplifaya huwashwa mwisho na huzimwa kwanza. Kwa kuifuata, kila mshtuko unaotoka katika vyombo vingine hutokea wakati spika haina nguvu ya kuutoa.

Wakati wa kuwasha, fuata hatua zifuatazo:

1. Hakikisha vidhibiti vyote vya sauti viko chini na nyaya zote zimeunganishwa.
2. Washa vyanzo vya sauti, yaani kicheza muziki, kompyuta na vipokezi vya maikrofoni.
3. Washa mikisa na usubiri sekunde kumi hivi.
4. Washa amplifaya, au spika zenye amplifaya ndani yake.
5. Pandisha sauti polepole.

Wakati wa kuzima, shusha sauti, zima amplifaya, subiri sekunde chache ili umeme uliohifadhiwa ndani yake uishe, kisha zima mikisa na vyanzo vya sauti. Kabla ya kuchomeka au kuchomoa maikrofoni, shusha sauti ya mkondo wake kwenye mikisa.

Umeme unapokatika katikati ya shughuli, jambo la kwanza ni kuzima swichi ya amplifaya. Umeme ukirejea vyombo vyote vikiwa vimewashwa, vitaamka kwa pamoja, na kishindo cha mikisa kitakuzwa na amplifaya iliyo wazi. Mara nyingine volti huyumba umeme unaporejea, hivyo ni busara kusubiri dakika chache kabla ya kuwasha. Utaratibu huohuo ufuatwe wakati wa kuhama kutoka umeme wa gridi kwenda jenereta na kurudi. Aidha, kuwasha vyombo vyote kwa swichi moja ya ukutani, jambo linalofanyika katika kumbi nyingi, hurudisha tatizo hilohilo kila siku.

Spika za honi na zile za sauti nyembamba ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa utando wake ni mwepesi na haukuundwa kutembea umbali mrefu. Katika mifumo ambayo spika hizo zina amplifaya yake peke yake, bila kapasita ya kuzikinga, kishindo kimoja kikali kinaweza kupasua utando huo.

Dalili za kumwita fundi

Kishindo kidogo ambacho hakijabadilika tangu chombo kinunuliwe si sababu ya hofu. Mwananchi achukue hatua anapobaini mabadiliko. Kishindo kikianza kuongezeka, au kikitokea katika chombo ambacho hapo awali kilikuwa kimya, yawezekana rilei, swichi au kapasita imechoka. Mkwaruzo unaosikika wakati wa kuzungusha kitufe cha sauti hutokana mara nyingi na vumbi au uchakavu wa kitufe hicho, na si jambo la hatari. Mvumo usiokoma hutokana na kapasita za kuchuja umeme zilizochakaa au na tatizo la uunganishaji wa waya wa ardhi.

Koni ikionekana imesukumwa mbele au kuvutwa nyuma na kubaki hapo bila muziki wowote, zima chombo mara moja na utenganishe spika, kwa kuwa hiyo ni ishara kwamba umeme wa mwelekeo mmoja unaifikia.

Wananchi wanatahadharishwa kutokata waya wa ardhi wala kuondoa pini yake kwenye plagi kwa lengo la kuondoa mvumo. Waya huo upo kwa ajili ya kulinda uhai. Chombo kisicho nao kikipata hitilafu, umeme unaweza kufika kwenye chuma cha maikrofoni na kumpiga anayeishika. Mvumo unaotokana na nyaya za jengo ushughulikiwe na fundi umeme mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA).

Vilevile, si salama kwa asiye fundi kufungua amplifaya hata baada ya kuichomoa kwenye soketi. Kapasita zake kubwa zinaweza kubaki na umeme wa kutosha kumdhuru mtu kwa muda baada ya kuzimwa.

Taasisi zinazomiliki vyombo vya sauti zinashauriwa kuteua mtu mmoja au wawili wa kuvisimamia, kubandika utaratibu wa kuwasha na kuzima karibu na mikisa, na wakati wa kununua amplifaya kuuliza kama ina mfumo wa kulinda spika. Kwa amplifaya yenye mfumo huo, kipimo rahisi kinaweza kufanyika dukani: iwashe ikiwa imeunganishwa na spika, sikiliza "tik" ya rilei, kisha izime na usikilize kama spika imebaki kimya.